Intakula ya mbele kwenye Impreza yenye EJ205: bampa nimeshalifungua, naombeni ushauri kabla sijakata chuma

Boksa205 aliuliza:

Wakuu, heshima kwenu.

Gari ni Subaru Impreza WRX ya 2002, injini EJ205, gia za mkono. Intakula (kipoozeo cha hewa iliyobanwa na tabo, yaani turbo, kabla haijaingia kwenye injini) bado ni ile ya kiwandani inayolala juu ya injini, chini ya tundu la boneti. Ninalo mwaka wa tatu sasa na nalipenda kweli, ndiyo maana sitaki kulifanyia kazi ya kubahatisha.

Shida yangu ni hii. Nikikwama kwenye foleni robo saa, halafu barabara ikafunguka, gari linakuwa zito. Nakanyaga, geji ya busti (presha ya hewa inayosukumwa na tabo) inapanda hadi bar 0.9 kama siku zote, lakini ile nguvu ninayoijua haipo. Nikishatembea dakika kadhaa linarudi kuwa jepesi. Nikaamua kufunga sensa ya joto kwenye njia ya hewa, karibu kabisa na throto (mlango wa hewa ya injini unaofunguka ukikanyaga mafuta), na wiki nzima nikawa naandika namba kwenye daftari. Nje kukiwa na nyuzi 30, nikiwa mwendo wa 80, inasoma 45 hadi 48. Foleni ikinishika inapanda 60, 65, na siku moja ilifika 71. Injini yenyewe haichemshi, sindano ya joto haisogei.

Nimepata intakula ya mbele iliyotumika: upana sentimita 60, kimo sentimita 30, unene milimita 76, na midomo ya paipu ni milimita 63 kila upande. Jana jioni nikafungua bampa, nikaisimamisha mbele ya kondensa (kipoozeo cha gesi) ya AC ili nione inavyokaa. Hapo ndipo moyo uliponiishia. Kati ya kondensa na kile chuma cha bampa, sehemu inayobana zaidi, nimepima milimita 58. Zinanipungukia 18.

Fundi mmoja kaniambia nikate chuma kwa grainda pale katikati, nirudishe bampa, hakuna atakayeona. Sijalala vizuri. Naomba wenye uzoefu mnisaidie: nikate au nisikate? Paipu za milimita 63 ni kubwa mno kwa injini ya lita 2, tabo itachelewa kuamka? Na je, rejeta haitakosa hewa kwa kuzibwa mbele?

---

Paipu63 alijibu:

Mkuu Boksa205, kwanza weka grainda chini.

Hicho chuma ndicho kinachopokea kishindo ukigonga mbele na kukigawa kwenye reli mbili za bodi. Ukikata katikati unakuwa na vipande viwili vinavyoning'inia, na kishindo kinakwenda moja kwa moja kwenye rejeta na injini. Zaidi ya hapo, mifuko ya hewa inafunguka kwa kusoma jinsi sehemu ya mbele inavyopungua mwendo ghafla. Ukibadilisha jinsi mbele inavyokunjika, umebadilisha na kile ambacho sensa inatarajia kusoma. "Hakuna atakayeona" ni kweli mpaka siku ya ajali. Sina namna ya kulisema hili kwa upole: ukilikata, usimpakie mtu humo.

Sasa tatizo lako lipo kweli na daftari lako limelionyesha vizuri kuliko maelezo mengi ninayoyasoma. Hewa ya nyuzi 71 ikilinganishwa na ya 46, kwa presha ileile, ni nyepesi kwa karibu asilimia 7. Geji ya busti haikuonyeshi hilo kwa sababu inasoma presha tu, haihesabu hewa. Na juu ya kupungua hewa, kompyuta ya injini ikihisi dalili za injini kugonga (petroli kulipuka yenyewe ndani ya silinda) inarudisha nyuma muda wa cheche. Vikiungana hivyo viwili ndipo unapata ule uzito.

Kwa nini inapata joto hivyo? Tabo ikibana hewa ya nyuzi 25 hadi busti ya bar 1, hewa inatoka ikiwa na nyuzi 110 na kitu. Kazi ya intakula ni kuishusha. Hiyo ya juu inategemea upepo wa tundu la boneti, na ukisimama kwenye foleni upepo huo haupo. Chini yake kuna injini, pembeni kuna tabo. Chuma chote cha intakula kinashiba joto, na ukianza kuondoka kinairudishia hewa joto hilo.

Nilifunga ya mbele kwenye gari la aina hiyohiyo, kwa mikono yangu, mara mbili. Mara mbili kwa sababu ya kwanza niliikosea, na nitakueleza nilipokosea kwa kirefu kwa sababu picha nyingi za kazi hii zinaonyesha intakula inang'aa mbele ya gari, na kinachoamua haya mambo hakionekani kwenye picha.

Mara ya kwanza nilipata intakula iliyoingia nyuma ya chuma bila kukata kitu. Nikafurahi. Nikaishika kwa breketi mbili za juu tu, chini nikaiacha inaning'inia. Nikatoa honi mbili zilizokuwa mbele ya kondensa nikazihamishia pembeni, nikafunga paipu, nikarudisha bampa, nikaondoka. Siku mbili za kwanza raha tupu. Siku ya tatu nikapanda mlima mrefu, gari limejaa watu, AC inafanya kazi. Sindano ya joto ambayo sikuwahi kuiona ikisogea, ikasogea. Nilikuwa na kisomaji kilichochomekwa chini ya dashibodi, kikaonyesha maji ya rejeta nyuzi 104. Nikazima AC, nikapunguza mguu, nikafika juu nimelowa jasho.

Nikadhani intakula ni kubwa mno, inaziba rejeta. Nusura nirudishe ya zamani. Lakini baada ya wiki mbili nilifungua bampa kuangalia klipu, nikakuta kitu ambacho hadi leo ndicho cha kwanza ninachomwonyesha mtu. Uso wa intakula ulikuwa umeandikwa na wadudu na vumbi. Theluthi ya chini, pale mbele ya mdomo wa bampa, ilikuwa imejaa mbawa na miguu ya wadudu, mapezi (vile vibati vyembamba vya kupoozea) yamegeuka kahawia. Juu ya hapo, sehemu yote iliyojificha nyuma ya chuma cha bampa, mapezi yalikuwa meupe kama siku niliyoyafunga. Na pembeni, kwenye zile nafasi za vidole vitatu kati ya intakula na taa, vumbi limelala nene kama unga uliomwagika.

Yaani upepo ulikuwa unaingia mdomoni mwa bampa, unakutana na ukuta wa mapezi, unageuka kushoto na kulia, unatoka zake. Hewa haina subira, ikiona mlango ulio wazi haihangaiki na tundu la sindano. Na rejeta iliyo nyuma haikuwa inakosa hewa kwa sababu intakula ni kubwa, ilikuwa inakosa kwa sababu hewa ilikuwa haina lazima ya kupita popote.

Nikakata bati la aluminiamu la milimita 1, nikatengeneza kama faneli fupi: kutoka kingo za mdomo wa bampa hadi kingo za intakula, pande zote nne. Pale bati linapokutana na plastiki ya bampa nikabandika sponji nyeusi ngumu isiyonyonya maji, ili bampa likirudi liibane. Kisha, na wengi hii hawaifanyi, nikaziba pia kutoka intakula kwenda nyuma hadi fremu ya rejeta. Hewa ikishapita intakula haina pa kutorokea, lazima ipite kondensa na rejeta. Na ile plastiki ya chini ya injini, ambayo nilikuwa nimeiacha gereji nikiona haina maana, nikairudisha. Ina maana kubwa: bila hiyo, hewa ya chini ya gari inapanda nyuma ya rejeta na kuisukuma ile inayotoka, na rejeta inazidi kukosa mvuto.

Mlima uleule, watu walewale, AC inafanya kazi: nyuzi 94, na haikusogea tena. Intakula ileile, rejeta ileile.

Sasa kuhusu milimita zako 18. Usinunue kingine kwanza. Chukua boksi la karatasi ngumu, kata mfano wa intakula kwa vipimo vyako kamili pamoja na yale matangi ya pembeni na midomo ya paipu, kisha uchezee mfano huo mbele ya gari. Utagundua kwamba kimo cha sentimita 30 si lazima kikae chote nyuma ya chuma. Kwangu iliwezekana kuishusha mpaka ikawa sehemu kubwa ipo chini ya chuma, mbele ya mdomo wa bampa hasa, mahali ambapo hewa inaingia. Ikishindikana kwako kwa sababu ingegusa chini, basi intakula hiyo siyo ya gari hili, tafuta yenye unene wa milimita 50 au kidogo chini yake. Nyembamba inayopata hewa uso mzima inaishinda nene iliyojificha. Mapezi ya mwisho kwenye intakula nene yanapata hewa iliyokwisha kupata joto kwenye mapezi ya mbele, kwa hiyo unene unaoongeza hauleti faida sawa na upana au kimo unachoongeza.

Na usiibane kwenye kondensa. Mimi nilijifunza hili vibaya. Ile kazi yangu ya kwanza, chini ilikuwa inaning'inia, kwa hiyo kila shimo la barabara liliisukuma nyuma kidogo. Baada ya miezi AC ikaacha kutoa baridi. Kufungua nikakuta mstari unaong'aa kwenye bomba moja la kondensa, urefu wa kucha, na kuzunguka hapo doa la mafuta lililoshika vumbi. Kona ya tangi la intakula ilikuwa imelisugua mpaka likatoboka na gesi yote ikatoka. Sasa naacha nafasi ya kidole kimoja, na naweka breketi nne, mbili juu mbili chini, kila moja na mpira katikati. Usikubali hata siku moja intakula ishikwe na paipu. Paipu zimeshikana na injini, injini inacheza kwenye mipira yake, bodi haichezi. Kitu lazima kipasuke.

Kuhusu tabo kuchelewa: fanya hesabu, usisikilize vijiweni. Paipu ya milimita 63 yenye urefu wa mita 2 inabeba lita 6 hivi. Injini ya lita 2 kwenye mizunguko 3000 kwa dakika inavuta takriban lita 50 za hewa kwa sekunde. Kuijaza paipu hiyo hadi bar 1 ni kama sehemu ya nane ya sekunde. Utaisikia ukiitafuta. Anayesema gari lake linachelewa sekunde nzima baada ya kufunga intakula ya mbele, hewa yake inavuja mahali. Kwa lita 2 paipu ya 63 kutoka intakula kwenda throto inatosha kabisa, na upande wa tabo hata 57 inafaa.

Kufungua bampa umeshafungua, lakini ukirudisha: mwite mtu wa pili, na ubandike utepe wa karatasi kwenye kona za madigadi zote mbili. Rangi hutoka hapo kuliko mahali pengine popote.

---

MapeziSafi alijibu:

Nawasalimu nyote. Namheshimu Paipu63, kazi yake naiona ni ya mtu makini. Ila mimi ningemwambia Boksa205 arudishe bampa kwanza, afungue boneti.

Chini ya lile tundu la boneti kuna kikapu cha plastiki kinachogawa upepo na kuupeleka kwenye intakula, na ukingoni mwake kuna sponji inayokaa juu ya mapezi. Gari lina zaidi ya miaka 20. Hiyo sponji mara nyingi imeshakauka na kumeguka, na ukiigusa inabaki mkononi kama makapi. Ikishaondoka, upepo unapita juu ya intakula na kushuka nyuma ya injini. Mimi niliibadilisha, nikanyoosha mapezi yaliyolala kwa kisu butu, pezi moja moja, jioni mbili mfululizo, na nikaosha mafuta yaliyokuwa ndani. Nikafunga tena. Kwa busti ya kiwandani na mtu anayeendesha barabarani, mimi nimeridhika.

Ya juu ina uzuri wake: njia ni fupi, maungio ni machache, na gari linabaki jinsi lilivyoundwa. Kama huna mpango wa kuongeza busti wala kubadilisha tabo, fikiria mara mbili.

---

Paipu63 alijibu:

MapeziSafi umesema kweli na ningepaswa kuanzia hapo. Sponji hiyo iangaliwe kabla ya yote. Ninachoongeza tu ni kwamba shida yake ni ya foleni, na kwenye foleni sponji mpya haileti upepo ambao haupo. Itamsaidia akianza kutembea, itamshushia ile dakika ya kusubiri. Kama hilo linamtosha, asiumize gari.

---

GejiNyeusi alijibu:

Habari zenu kaka zangu. Mimi kazi yangu ni umeme wa magari na kutuni (kurekebisha programu ya injini), na magari yenye intakula ya mbele yananijia kila mara yakiwa na malalamiko matatu yaleyale: linatoa moshi mweusi likivuta, linasitasita likiwa saileti (linaunguruma bila kukanyagwa), na linakula mafuta. Mwenye gari anakuja akiomba nitengeneze programu. Mara nyingi programu haina kosa.

Gari lako lina sensa ya MAF pale baada ya boksi la chujio. Inahesabu hewa yote inayoingia, na kompyuta inatoa petroli kulingana na hesabu hiyo. Ukiwa na tundu kati ya tabo na throto, ukikanyaga hewa iliyohesabiwa inatoka nje lakini petroli yake inaingia ndani. Huo ndio moshi mweusi. Ukiwa saileti mambo yanageuka: ndani ya paipu hakuna presha, na hewa isiyohesabiwa inaweza kuvutwa kupitia tundu hilohilo, mchanganyiko wa hewa na petroli unakuwa mwepesi, injini inapanda na kushuka. Tundu moja, dalili mbili zinazopingana, na watu wanabadilisha sensa tatu kabla ya kushuku mpira.

Intakula ya juu ina maungio machache tu. Ya mbele, nimehesabu kwenye gari moja, ilikuwa na maungio 9, kila moja na klipu 2. Kwa hiyo kabla hujarudisha bampa, tafadhali sana, pima kuvuja. Tengeneza kizibo cha mdomo wa tabo chenye vali ya tairi katikati. Chomoa mpira wa hewa unaotoka kwenye sensa ya MAF, weka kizibo hapo, ziba na vijimpira vya pumzi vinavyoingia kwenye mpira huo. Ingiza upepo polepole kupitia rigaleta, usizidishe busti unayotumia, na usisimame mbele ya kizibo, kikichomoka kinaruka. Kisha nyunyizia maji ya sabuni kila ungio. Tundu dogo litafanya povu jeupe laini linalokua polepole, kubwa utalisikia kwa sikio. Ukisikia upepo unapuliza kwenye mdomo wa kuwekea oili, huenda unapita kwenye vali ya pumzi za injini au kwenye ringi za pistoni, hilo ni jambo jingine la kufuatilia.

Ncha za paipu ziwe na ukingo ulioinuka, yaani lile tuta la duara linalozuia mpira kuteleza. Paipu iliyokatwa tu ikaachwa laini itachomoka, na itachomoka ukiwa unapita gari jingine, maana hapo ndipo presha ipo juu. Kabla ya kuvalisha mpira wa silikoni, futa paipu na ndani ya mpira kwa dawa ya kusafishia breki mpaka kitambaa kitoke kisafi. Oili ya tabo ikibaki hata kama filamu, klipu utaikaza mpaka ikate mpira na bado utateleza.

Jambo la mwisho ni ile vali ya kupumulia presha, inayotoa hewa ukiachia mafuta. Kwenye gari lako imefungwa juu ya intakula ya kiwandani yenyewe. Ukitoa intakula, imetoka nayo. Paipu mpya lazima iwe na kiti cha kuifungia, na mpira wake wa kurudisha hewa uendelee kurudi kabla ya tabo, kama ilivyokuwa. Wengi wanaiachia hewa nje kwa ajili ya ile sauti. Hewa hiyo MAF ilishaihesabu. Kila ukibadilisha gia, petroli ya ziada inaingia, na ukisimama kwenye taa injini inaweza kuzimika.

Ukimaliza, usikanyage siku hiyohiyo. Mpelekee mtu yeyote wa kutuni aangalie mchanganyiko na muda wa cheche gari likiwa kwenye mzigo. Njia ya hewa ikibadilika, busti inaweza kuruka juu ya ile iliyopangwa kabla ya kutulia, na hilo utaliona kwenye geji kama sindano inayoruka juu kisha kurudi.

---

Boksa205 alijibu:

Wakuu, nimerudi baada ya wiki tano. Naandika kwa urefu kwa sababu mmenisaidia kwa moyo.

Nilianza na alichosema MapeziSafi. Sponji ilikuwa imebaki upande mmoja tu, upande wa pili ni gundi iliyokauka. Nikaweka mpya. Mwendo wa 80 joto likashuka kutoka 46 hadi 42, kwa kazi ya nusu saa. Nilishangaa. Foleni ikabaki ileile, 64, 66. Kwa hiyo nikaendelea.

Chuma cha bampa sikukikata. Nilitengeneza mfano wa boksi, nikalala chini ya gari na tochi, na ile ya milimita 76 haikukubali kwa namna yoyote: nikiishusha, kona ya tangi inakaa chini ya ukingo wa bampa, ingelamba barabara kwenye kila tuta. Nikaibadilishana na jamaa mwenye gari kubwa kuliko langu, akanipa yenye unene wa milimita 50, kimo sentimita 23, upana uleule. Imeingia kama iliagizwa, theluthi mbili ipo wazi mdomoni mwa bampa.

Breketi nne, mipira, nafasi ya kidole. Bati nimekata mwenyewe. Kona ya chini kushoto ilinichukua siku nzima kwa sababu ya breketi ya taa ya ukungu, niliikata mara tatu kwenye karatasi kabla ya kugusa bati.

Dada GejiNyeusi, kipimo chako kimeniokoa. Nilikuwa na uhakika hakuna kinachovuja, nimekaza kila kitu mwenyewe. Upepo ulipofika 0.6 nikasikia kama nyoka. Sabuni ikanionyesha: ungio la throto, upande wa chini ambao macho hayafiki, mpira ulikuwa umepanda juu ya ukingo wa paipu upande mmoja na kubaki nyuma ya ukingo upande wa pili. Klipu ilikuwa imekaza hewa tupu. Nikafungua, nikasafisha upya, nikavalisha. Mara ya pili 0.9, kimya dakika kumi.

Namba, nje nyuzi 31: mwendo wa 80 inasoma 36. Foleni dakika 20, ilipanda hadi 49, na nilipoondoka ilishuka chini ya 40 kabla sijaingiza gia ya nne. Maji ya rejeta 92 hadi 95 na AC inafanya kazi. Tabo inaamka pale pale, labda nikitega sikio nasema imechelewa kidogo.

Bado jambo moja. Nikikata usukani wote kulia nikirudi nyuma, nasikia mkwaruzo mdogo kwenye gurudumu la mbele. Ni nini?

---

Paipu63 alijibu:

Nimesoma hizo namba mara mbili, hongera sana mkuu.

Mkwaruzo huo ni plastiki ya ndani ya madigadi. Ulipopitisha paipu pembeni ya rejeta uliisogeza kuelekea tairi, na tairi likikata mpaka mwisho linaigusa. Inua gari kwenye stendi, toa tairi, utaona alama nyeusi inayong'aa kwenye plastiki. Usiipuuze, maana nyuma ya hiyo plastiki kuna paipu yako, na plastiki ikishatoboka tairi litaanza kula mpira wa silikoni. Legeza klipu ya paipu hapo, izungushe kama digrii kumi kuelekea ndani, kaza, halafu rudisha plastiki kwa klipu zake zote, usiache hata moja. Kisha pima tena kuvuja, kwa sababu umeshagusa ungio.

---

Boksa205 alijibu:

Alama ipo, urefu wa kiganja, plastiki imebaki nyembamba kama karatasi lakini haijatoboka. Nimezungusha paipu, nimepima, 0.9 kimya. Usukani nimekata pande zote mbili, hausikiki. Kesho linapanda mlima.